Kilima Nyuma ya Kanisa

Mvua ikinyesha Maskati, ndugu yangu, hatutoki. Leo asubuhi wadi, yale mabonde makavu ya huku, zimejaa maji, barabara imekatika, na sisi wa mtaa wa Azaiba tumekaa ndani kama kuku tunduni. Mama alikuwa dirishani anatazama tope la uani, mara akaniuliza, "Yule jirani yetu wa Uingereza, mwenye kuku, yu hai bado?" Nimjulie wapi mimi, miaka yote hii.

Basi nikusimulie. Baba alipelekwa huko kusomea kilimo, na nyumba ya bei nafuu ikapatikana kijijini, mbali na chuo. Wenyewe wakipaita parokia, kwa kuwa kila kitu kilianzia kanisani: makaburi, daraja la mawe, kijito, halafu malisho yaliyokatwakatwa kwa nyua za miti ya miiba, ndefu kuliko Baba. Njia ya gari ilikuwa moja tu, nyembamba, imezama katikati ya nyua hizo, ukitembea huoni kitu ila wingu la kijivu. Baba akiondoka na gari asubuhi, sisi tumebaki humo mpaka magharibi. Kazi yangu ilikuwa kukwangua matope kwenye viatu vya mpira kwa kijiti. Niliichukia kazi ile, na mpaka leo nikisikia harufu ya mavi ya ng'ombe yaliyoroa, vidole vyangu vinakufa ganzi.

Mama alizaliwa Unguja, akaolewa Maskati. Alikuwa hajapata kukaa mahali pasipoonekana bahari. Aliamini kwamba ukipanda kile kilima nyuma ya kanisa utaiona, na yeye akishaiona atapumua. Akiyasema hayo huku anakanda unga wa maandazi, vioo vya madirisha vimejaa mvuke na nyumba nzima inanukia iliki.

Lakini njia ya kilimani ilipita katikati ya shamba la mtu. Mama akatuchukua mpaka getini, akapiga hodi. Akapiga tena. Ng'ombe wakatutazama. Hakuna aliyeitikia, tukarudi. "Mtu haingii shambani kwa mtu bila ya kukaribishwa," alisema, na kesho yake tukaenda tena kuwapigia hodi ng'ombe. Majira yote ya baridi yalikwisha hivyo. Mimi nilikuwa nikipandwa na hasira, maana geti lenyewe halikuwa na kufuli.

Siku moja yule jirani, mjane mfuga kuku, akatukuta pale. Akafungua geti, akaingia zake na mbwa wake. Mama akashika kifua. Nikatumwa nikamuulize ruhusa kaiomba kwa nani. Jirani alicheka mpaka akakohoa. Akasema ile ni njia ya watu wote tangu zamani, na mwenye shamba hana haki ya kumzuia mtu.

"Na sisi pia?" Mama akauliza. Nikatafsiri. Jirani akatushikia geti.

Mama alipanda mbio, buibui amelikunja mkononi, sisi watoto tunahema nyuma. Juu kulikuwa na upepo mkali. Akageuka huku, akageuka kule. Malisho mengine, nyua nyingine, mnara wa kanisa jingine, na nyuma yake vilima tena. "Ndo hivi tu?" akasema. Akakaa kwenye majani mabichi akalia, na mimi, niliyekuwa sijapata kumwona akilia, nikaogopa kweli kweli kwamba hatutatoka mle. Hata hivyo alikipanda kilima kile kila siku, mpaka Baba alipomaliza masomo.

Mchana huu mvua imeanuka, Mama akataka kwenda baharini. Bahari yenyewe iko mtaa wa pili, kukiwa kimya tunaisikia. Nikamvalisha viatu, nikamshika mkono. Tulifika kwenye ukuta wa jirani tu, akauegemea. Nikamwambia tupumzike kidogo, tutafika.

"Nrejeshe, mwanangu," akasema. "Wewe nenda ukanitazamie."

Nimemrejesha, nimemlaza. Yule Mama aliyepanda mbio akatuacha nyuma kilimani nimemtafuta usoni mwake, sikumwona. Baharini sijakwenda.