Kulabu ya Sufuria ya Mama

Fyuzi ya taa za nyuma za gari langu iliungua mara tatu wiki moja, na mara zote nilimgombeza fundi wangu wa Kisauni kwamba ananiuzia fyuzi feki. Mara ya nne alitoa balbu. Akaichomeka mahali pa fyuzi, ikawaka, akaniambia niitazame: akitikisa mahali ikafifia, hapo ndipo waya unapogusa bodi ya gari. Akaanza kutikisa nyaya kutoka mbele hadi kwenye buti. Alipoilegeza kulabu iliyokazwa sakafuni, balbu ikafifia.

"Nani aliyetia skrubu ndefu hivi, dadangu? Imeuchubua waya polepole hadi ukagusa bodi."

Ni mimi. Zamani tulikuwa tukipeleka biriani harusini Likoni, sufuria ya mama ikateleza, masala yote yakamwagika kwenye zulia. Mama alinifokea njia nzima, hata ndani ya feri mbele za watu. Kesho yake nilikaza kulabu ile kwa hasira, ya kufungia sufuria, ili nisifokewe tena.

"Niing'oe?" fundi akauliza.

Mwaka wa tatu huu tangu tumzike mama, na hakuna anayenifokea.

"Pitisha waya pembeni," nikamwambia. "Kulabu iache."