Akida Aliyekunywa Chai Siku ya Kubadili Kompyuta

Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili nililikalia miaka miwili, kwa hiyo mkinisikia nataja kompyuta msicheke. Nilikuwa tarishi tu, Kilosa, kwa tajiri aliyenunua shamba la mkonge serikali ilipoanza kuuza vitu vyake. Pembeni mwa shamba tuligawiwa vipande sisi watoto wa manamba, wale vibarua wa mkonge. Changu kilikuwa upande wa Chanzuru, nikapanda migomba. Migomba ile, jamani! Lakini karatasi sikupewa. Ushahidi wangu ulikuwa jina langu ndani ya kompyuta, basi. Likifutika, migomba ya mwenye bahati.

Kompyuta zilikuwa tatu: Kilosa, Mikumi na Magole, zimeunganishwa kwa simu. Ukiandika moja, zote zinaandika. Wanangu hawajawahi kusikilizana hivyo.

Siku moja akaja binti fundi kutoka Morogoro, kuzitia programu mpya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Jina langu litapona?"

"Kwanza nakala, baba." Akanakili daftari zima la majina kwenye CD, kisha akaifungua kwenye kompyuta yake ndogo. Tupu! Yeye akacheka: "Ndiyo maana tunajaribu kabla ya kugusa kitu." Akarudia, akafungua tena, nikaliona jina langu, limekaa vizuri kama bwana harusi. Akatengeneza CD mbili, moja akaiweka kabatini, nyingine akaondoka nayo Mikumi.

Kabla ya kuondoka akanielekeza. Kwenye kioo cha kompyuta kuna taa tatu, moja kwa kila kompyuta. Atazima moja moja, mbili zibaki zinafanya kazi; iliyozimwa ikirudi na kumaliza kunakili yaliyoipita, ndipo aende nyingine. "Nikipiga simu nitakuuliza kama akidi ipo. Zikiwa tatu za kijani, sema ipo."

Mimi sikio la kushoto lilishaharibiwa na mashine ya kukamua mkonge. Yeye alisema akidi, yaani idadi inayotosha kazi iendelee; mimi nilisikia akida.

Akida, yule mtawala mdogo wa enzi za Wajerumani! Baba yangu alikuwa akilitaja neno hilo huku akijishika matako, viboko alivyochapwa babu yake vimemfikia kwa masimulizi. Lakini siku zile wageni walikuwa wanarudi kununua kila kitu, nikaona na maakida warudi tu, ajabu iko wapi? Nikafagia njia. Nikatoa kiti cha meneja.

Kesho yake saa nne akaingia mzee mnene, koti jeusi, fimbo mkononi. Nikainama hadi mgongo ukalia. "Shikamoo, karibu kiti, chai ipo." Akakaa bila kuuliza, kama mtu aliyezoea. Simu ikalia.

"Baba, nataka kuzima ya Mikumi. Akidi ipo?"

"Ipo! Anakunywa chai."

"Nani anakunywa chai?"

"Si akida mwenyewe. Kaongeza sukari."

"Baba, ziangalie taa. Za kijani ngapi?"

Nikaangalia. "Mbili. Ya Magole nyekundu."

"Mungu wangu! Mkono uko kwenye swichi! Ningebakiza yako peke yake, nayo ikiwa peke yake haikubali kuandika hata jina la mwenye ofisi!"

Kumbe umeme wa Magole ulikuwa umekatika. Tukasubiri mpaka mchana, ya tatu ikawa kijani, nikamwambia, akazima ya Mikumi. Kumbe na yule mzee alikuwa fundi cherehani aliyepita kuomba maji. Alimaliza birika zima.

Jioni ya siku ya tatu zote zilikuwa mpya. Binti akanifungulia: jina langu lipo Kilosa, lipo Mikumi, lipo Magole. Nikaenda nyumbani nikiimba, nikamwambia mke wangu shamba letu sasa lipo sehemu tatu, halipotei.

Akaendelea kupepeta mchele. "Vizuri. La Chanzuru nitalima mimi. Wewe kalime la Mikumi, ugawane na tembo."