Kaburi la Yago katika Kanda ya Makazi

Katika rasimu ya kwanza ya ramani, boma la mama mmoja wa ufukoni halikuwapo. Mahali pake palikuwa pamepakwa rangi ya chungwa, na rangi ya chungwa, kwa mujibu wa maelezo yaliyochapishwa pembeni, ilimaanisha hoteli, maduka na maegesho ya magari. Nilidhani ni kosa la mchoraji. Kisha nikakumbuka kwamba mchoraji nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimelitia manjano, rangi ya makazi. Nilikuwa na hakika, kwa sababu mimi ni mtu wa kukagua kazi yangu mpaka inanichosha. Niliituma ofisini ikiwa ya manjano, ikarudi kwangu ikiwa ya chungwa, na hakuna aliyesema ameigusa. Mshauri mkuu, aliyetoka Nairobi na ambaye mimi nilikuwa msaidizi wake, aliniambia kwa upole kwamba huenda kompyuta yangu ina tatizo. Alikuwa mtu mpole sana, na upole wake ulikuwa unanikosesha usingizi.

Sina budi kueleza kwa nini rangi hunitia hofu. Wazazi wangu walishuka kutoka milima ya Vihiga kutafuta kazi Kisumu, na nilipokuwa mdogo tulipanga chumba Mamboleo, karibu na barabara kuu. Asubuhi moja tulikuta alama nyekundu ya mkasi ukutani. Mwenye nyumba alituambia ni alama ya watu wa kuhesabu nyumba, tusijali. Mama yangu hakujali. Trekta la kubomoa lilipokuja alikuwa bado na sufuria ya uji jikoni, tukahamia Kondele tukiwa na sufuria hiyo na magodoro. Tangu siku hiyo siamini rangi yoyote iliyowekwa na mtu asiyejitambulisha, na pengine ndiyo maana niliamua kusomea mipango miji: nilitaka kuwa upande wa wanaoshika brashi. Sikujua kwamba hata upande huo mtu anaweza kuamka akakuta alama.

Mji wa ramani hiyo ni mdogo, uko ufukweni magharibi ya Kisumu. Watu wa jiji walikuwa wameanza kununua ploti huko, na kaunti ilitaka ijulikane mapema nyumba mpya zitajengwa wapi, soko litakua kuelekea wapi, na ni sehemu gani ya ufuko itaachiwa biashara. Nilikuwa naishi Maseno, nikimalizia shahada ya uzamili, na kazi hiyo ndiyo ingekuwa tasnifu yangu.

Mshauri mkuu na wazee wa mji walikuwa wamekubaliana juu ya kanuni moja ambayo niliipenda kwa ukali wake. Kila habari za mpango zinapovuja, vibanda vya mabati huota ufukoni kama uyoga, kila mtu akidai kwamba hapo ndipo kwao. Kwa hiyo boma lingehesabiwa kuwa makazi ya zamani, lisiloguswa, ikiwa tu lina nyumba, lina ua uliolizunguka, na lina kaburi. Nyumba hujengwa kwa siku moja, walisema wazee, na ua hupandwa kwa msimu mmoja, lakini hakuna mtu wa hapa atakayeweka kaburi la uongo mlangoni pake.

Boma la mama yule lilikuwa na vyote vitatu. Nilipomuuliza mshauri mkuu shida iko wapi, alifuta vumbi kwenye viatu vyake, akaniambia kwamba amepata habari kuwa kaburi lile halina mtu.

Nilikwenda kumwona mama yule mwenyewe. Alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, juu ya wavu, mwanamke mrefu, wa umri wa mama yangu. Kaburi lilikuwa upande wa kulia wa nyumba, mahali pa mume, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Nilizunguka maneno kwa muda mrefu, nikitafuta namna ya adabu ya kuuliza jambo lisilo na adabu, mpaka akanikatiza.

“Nyathina, mwanangu, uliza tu. Hakuna mtu hapo. Kuna yago.”

Nilijua yago. Nimekulia Kondele, Dholuo nilikijua kabla ya kujua Kiswahili cha shule, na nimeshuhudia mazishi ya namna hiyo. Mtu akizama ziwani na ziwa likakataa kumrudisha, watu wa ukoo wake hutafuta yago, tunda la mwegea, lile refu na zito linaloning’inia kama mkono wa mtu, wakalifunika shuka, wakalilia, wakalizika. Baada ya hapo huyo mtu amezikwa.

Mumewe alikuwa mvuvi. Mtumbwi wake ulionekana umepinduka kwenye magugu maji, na injini haikuwapo. Walitafuta mpaka wavuvi wa fuo nyingine wakachoka. Yote hayo alinieleza akigeuza omena, bila kuinua uso, na nilimhurumia. Lakini kichwa changu hakiwezi kuhurumia peke yake. Injini ilikwenda wapi? Mtumbwi ukipinduka injini huzama, sawa, au imefunguliwa na mtu aliyehitaji kuiuza kabla ya kusafiri. Isitoshe, niliambiwa na mwuza samaki sokoni kwamba kuna mtu aliyemwona marehemu huko Musoma, upande wa Tanzania, akiuza mitumba, amenenepa. Na yago lenyewe lilizikwa majira yaleyale ambapo gari la wapima ardhi lilianza kuonekana barabarani. Nilijaribu kuzitenganisha hoja hizo ili kila moja isimame yenyewe. Zilirudiana zenyewe kama kuku jioni.

Aliyepeleka habari kwa mshauri mkuu alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Sikuhitaji kupeleleza, aliniita mwenyewe kwenye hoteli ya samaki, akaniagizia ngege nzima na ugali. Shamba lake lilipakana na boma lile upande wa juu, na alikuwa ameligawa ploti kwa ajili ya watu wa jiji. Nilielewa mara moja kilichomwasha. Ploti zake ziliona ziwa lakini hazikulifikia. Boma la shemeji yake lilikuwa katikati.

“Daktari,” aliniambia, ingawa alijua fika kwamba sijafika huko, “wewe umesoma, mimi nikufundishe kidogo. Mtu akishazikwa, hata kama ni yago, hawezi kupita langoni tena. Akirudi leo mzima, anakatiwa nafasi nyuma ya ua, anaingilia huko, na vitu vya mila vinafanywa kwanza. Langoni, hapana. Sasa niambie. Mwanamke anapenda bwanake, atakubali haraka hivyo huyo bwana afungiwe nje? Huyo alitaka shamba.”

Alisema vizuri, na hilo ndilo lililonitatiza. Hoja yake ingeweza kugeuzwa kinyume bila kuvunjika: kama kuzika yago ni kumfungia mtu lango, basi mke hawezi kufanya hivyo ila awe na hakika kwamba amekufa. Nilikula samaki wake nikizipima pande zote mbili, na nilipofika kichwani nilikuwa simwamini yeye, simwamini mama, simwamini mshauri mkuu, na simwamini samaki.

Jambo hilo lilipelekwa kwenye mkutano wa wananchi, katika uwanja wa kanisa, chini ya mahema ya kukodi. Ramani ilitundikwa ubaoni, ikiwa bado na rangi yake ya chungwa. Wengi waliulizia barabara, wengine wakauliza kama soko litahamishwa, na mama wa mboga mmoja akataka kujua kwa nini kila rangi nzuri imewekwa karibu na maji. Kisha shemeji akasimama. Alisema kanuni ni kanuni. Penye kaburi pawe na mtu. Kaka yake hayuko pale, na serikali isidanganywe kwa tunda.

Mama yule alikuwa ameketi nyuma, kitambaa kichwani, mikono juu ya magoti. Aliinuka polepole.

“Shemeji, jembe liko nyumbani, nyuma ya mlango. Twende uchimbe.”

Shemeji alirekebisha kola yake, akasema hakusema yeye achimbe, alisema serikali ichimbe.

“Kwani unaogopa kitu hakuna?” akauliza mtu kutoka kundi la boda boda waliokuwa wameegemea pikipiki zao, na kicheko kikapita chini ya mahema.

Mshauri mkuu, ambaye hakujua anachokigusa, alisema kwa upole kwamba ana vijana wa kuchimba mashimo ya vigingi, wanaweza kusaidia. Vijana hao walikuwa wa mji uleule. Mmoja alitazama viatu vyake. Mwingine akasema anahisi malaria. Sheria haikuwa imetajwa, wala polisi. Kulikuwa na chira tu, ile laana inayomwandama anayevunja mwiko hata vizazi vyake vidhoofike, na ilitosha.

Mama hakuketi. Sauti yake haikupanda.

“Ni wewe ulibeba hiyo yago, shemeji. Mimi sikuibeba. Ulilia mpaka watu wakakushika usiingie shimoni. Siku hiyo ulikuwa unalilia tunda?”

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona shemeji kama mtu aliyefiwa na kaka yake. Alitoka hemani bila kuaga.

Wazee waliteta kidogo, kisha wakasema kaburi ni kaburi. Mshauri mkuu aliandika, akakubali. Boma litarudishiwa manjano, alisema, mradi tu ua wake uthibitishwe kwamba umezunguka kote. Uwazi wowote unaotazama ziwa utahesabiwa kuwa njia, na njia za ziwani ni za umma. Zitapanuliwa magari yapite. Alinitazama mimi akitabasamu, akaniagiza niende kesho yake na kifaa cha GPS, niuzunguke ua kwa miguu.

Nilichukia tabasamu lile. Nilirudi Maseno nikilitafsiri njia nzima.

Ua ulikuwa wa ojuok, ule mmea wa vijiti vya kijani wenye utomvu mweupe unaochoma macho, umesongamana kiasi kwamba hata mbuzi hapiti. Nilianzia langoni nikaufuata, kifaa mkononi, mstari ukijichora kwenye kioo. Upande wa shamba la shemeji ulikuwa mzima. Upande wa barabara pia. Nilipozunguka nyuma ya nyumba, upande wa maji, nikakuta mwanya. Mtu mmoja angeweza kupita hapo akijigeuza ubavu.

Nilisimama. Wazo la kwanza lilikuwa shemeji: amekuja na panga akakata njia, na mshauri mkuu alijua, ndiyo maana alitabasamu. Lilikuwa wazo safi, lililoeleza kila kitu, kwa hiyo nikaliogopa. Nikainama kutazama. Vijiti havikukatwa jana. Ncha zake zilikuwa zimekauka, zimefanya magamba, na machipukizi mapya yalikuwa yamekunjwa nyuma na kufungwa kwa vipande vya kanga ili yasizibe nafasi. Mtu alikuwa akiutunza mwanya huo kwa muda mrefu. Kutoka hapo kijia chembamba kilishuka hadi kwenye mafunjo ya ziwani, kimefagiliwa, mistari ya ufagio ikionekana wazi mchangani. Na juu ya mistari hiyo hapakuwa na unyayo wa mtu. Maji mama yule alichota bombani, penye lango. Omena alianika mbele. Hakuna aliyepita hapo.

Ndipo maneno ya shemeji yalipokuja, pamoja na harufu ya ngege yake: anakatiwa nafasi nyuma ya ua, anaingilia huko.

Nitasema kwa usahihi nilichokifikiri, kwa kuwa usahihi ndio niliokuwa nao. Nilifikiri: amenidanganya, anajua mumewe yuko hai, anamngoja. Papo hapo nikafikiri: hajui lolote, amezika na bado anafagia, kama mtu yeyote ambaye hakuuona mwili. Ushahidi ulikuwa mmoja kwa mawazo yote mawili. Nilitafuta jambo moja, hata dogo, la kuelekeza mizani, nikalikosa. Nilichoweza kuamua ni kitu kidogo zaidi. Agizo lilisema uwazi unaotazama ziwa ni njia. Lakini njia ni mahali watu wanapopita. Nikiuacha mwanya ule kwenye mstari, magari ya wageni wa hoteli yangepita kando ya mawe ya chokaa, na nyumba ingeondoka.

Nilivuka mwanya kwa hatua moja, kifaa mkononi, nikahakikisha mguu wangu haukanyagi mchanga uliofagiliwa. Kwenye kioo mstari ukaufunga mwanya.

Nilipogeuka alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, ufagio mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alinitazama, akautazama mwanya, akakitazama kifaa.

“Umefunga?” akauliza.

“Kwenye ramani tu, mama.”

Kisha akaja hadi pale niliposimama, akainama, akafagia sehemu ndogo ambapo kisigino changu, licha ya uangalifu wote, kilikuwa kimegusa.

“Kwenye ramani ni sawa,” akasema. “Hiyo bwanangu hawezi kusoma.”