Koti la Mzee wa Ng'ambo ya Mto

Mtaani walimwita Jenerali, ingawa silaha yake kubwa ilikuwa mkasi. Alikuwa fundi cherehani, mfupi, mwenye tepu ya kupimia shingoni saa zote. Mkewe alisema hata bafuni huingia nayo. Kila asubuhi aliegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akajirusha mubashara, na huku akipunguza suruali za watu alivichambua vita vya kule mtoni, vita vilivyoanza babu yake akiwa kijana na ambavyo mpaka leo havijaonyesha dalili ya kuchoka. Watu elfu nane walimfuata. Wengi wao hawakuwa na suruali ya kupunguza. Walifuata mdomo.

Na mdomo alikuwa nao, jamani!

"Majenerali wa upande huu na wa upande ule, kila mkutano wa amani wana suti mpya," alisema siku moja. "Wakiniletea mimi, nitawashonea mifuko mizuri, kisha nitaishona na mikono yao humo humo. Tuone bunduki watashika na nini!"

Hakuogopa mkubwa yeyote. Ila ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa haujui pa kusimama. Mwezi uliopita uliteleza: "Na hao raia wa ng'ambo ya mto! Ukiwaambia kaeni, wanasimama. Ukiwaambia simameni, wanauliza viti viko wapi. Vita vitaisha vipi?" Akacheka mwenyewe mpaka cherehani ikaruka mishono.

Kumbe kijana aliyemchumbia bintiye alikuwa mtoto wa mtu wa huko huko ng'ambo. Baba wa kijana alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyevuka mto akiwa mtoto mdogo, sasa akikaa mtaa wa pili, na kipindi cha Jenerali hakikumpita hata siku moja.

Binti, ambaye ni muuguzi, alifika dukani kwa babake akiwa bado na sare ya kazi, macho mekundu.

"Baba, mzee amesema hawezi kuungana na nyumba inayowacheka watu wake. Nimembembeleza mpaka amekubali kuja Jumamosi. Akitoka hapa na hasira, hakuna ndoa."

Fundi akanywea. Huyo ndiye mtoto wake wa pekee, na alimpenda kuliko alivyojua kusema.

"Niletee vipimo vyake," alisema. "Nitamshonea koti ambalo hajawahi kulivaa maishani."

"Sawa. Na wiki hii, baba, nakuomba unyamaze."

"Nimeshanyamaza, mwanangu."

Alinyamaza siku mbili, akaumwa kichwa.

Jumatano zikaja habari kwamba daraja la mtoni limetekwa tena. Jirani yake, mama muuza mboga, akachungulia mlangoni. "Jenerali, hivi hilo daraja liko wapi hasa?"

Swali gani hilo la kumuuliza mtu aliyefunga ulimi! Fundi akawasha simu. Mezani palikuwa pametandazwa kitambaa cha kijivu, safi, kile binti alichokichagua mwenyewe kwa ajili ya koti la mkwe. Akachukua chaki akachora mto juu yake, kona hadi kona, na mipindo yake yote.

"Daraja hili hapa! Jeshi lile pale! Na akili haipo popote!"

Alinguruma robo saa nzima. Kisha akawaaga watazamaji, akaibonyeza simu, akainama kuendelea na kazi.

Sasa, mkono wa fundi wa miaka thelathini hauulizi maswali. Ukiona mstari wa chaki, unakata. Mkasi ukaingia upande wa kusini, ukaufuata mto taratibu, mpindo kwa mpindo, mpaka kaskazini. Ndipo alipoona kitambaa kimekuwa vipande viwili, akaketi sakafuni kama mtoto aliyenyimwa titi.

Na simu hakuwa ameibonyeza sawasawa. Ilikuwa bado hewani. "Jenerali ameigawa nchi!" aliandika mmoja, na wengine wakamiminika kucheka. Chini kabisa palikuwa na ujumbe wa mwalimu, ambaye mwanawe alikuwa ameshamdokezea zawadi anayoandaliwa: "Fundi, hilo ndilo koti langu?"

Fundi na mkewe walizunguka madukani, kitambaa kile kilikuwa kimekwisha. Fundi alitaka kujifungia ndani hadi Jumapili.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mkewe alimwambia. "Ulichokikata, kishone."

Akaushona mto. Aliupiga pasi mpaka mshono ukalala, lakini kuonekana ulionekana, umejikunja mgongoni toka begani hadi pindo la chini.

Jumamosi mwalimu alifika dukani, mrefu, mkimya. Mke wa fundi akamkaribisha kiti.

"Nitasimama," alisema. "Sisi tukiambiwa tukae, tunasimama."

Binti akafumba macho. Fundi akalileta koti.

"Mzee mwenzangu, nilikosa. Niliwacheka watu ambao sijawahi hata kuwauliza wameshindaje. Nisamehe. Na hili koti nimeliharibu, usipolitaka nitaelewa."

Mwalimu alilitazama kwa muda, akalivaa. Lilimkaa barabara. Akageuza mgongo kwenye kioo, akachungulia juu ya bega.

"Mto umeuchora vibaya," alisema. "Darasani ningekupa sifuri." Kisha sauti yake ikabadilika. "Hebu weka kidole pale mto unapopinda mara ya pili."

Fundi akaweka.

"Shuka kidogo. Kulia. Hapo hapo. Hapo palikuwa na nyumba yetu."

Jenerali wa watu elfu nane akachukua chaki. Akaweka nukta palepale chini ya kidole chake.

"Chaki itafutika," mkewe alisema polepole.

Fundi akatunga uzi mwekundu kwenye sindano.

"Usitikisike, mzee mwenzangu, nisije nikakuchoma."

"Sitikisiki," alijibu mwalimu. "Ila ukimaliza, nipe kiti."