Mawe Yaliyopakwa Chokaa

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kike na mume wake, mdogo wetu wa mwisho wa kiume, na mama mzazi wa shemeji, ambaye sisi ndugu watatu tulimwita Mama kwa sababu hatukuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo. Nalisema hili mapema kwa kuwa huku kwetu habari hutembea, na nimeshasimuliwa siku ile na watu ambao hawakuiona.

Tuliondoka kwangu Silver Spring, hapa Marekani, asubuhi, kwa gari la shemeji, kuelekea Woodbridge. Nyuma ya gari kulikuwa na jiwe la kaburi lililofungwa kwa blanketi. Lilichongwa jina moja tu, la mwanamke aliyezaliwa utumwani katika wilaya ile. Alikuwa bibi wa bibi yake Mama. Tulikuwa tunakwenda kuliweka jiwe hilo kichwani pake.

Mama alikuwa Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili ujanani, kwenye madarasa ya jioni, pamoja na wenzake waliotaka lugha ya Afrika hata kama hakuna aliyejua wazee wao walitoka Afrika ipi. Alikisema kwa utaratibu, neno kwa neno, bila kuruka kitu. Mdogo wangu wa kiume hakuchoka kumtania.

"Mama, wewe ukiomba chumvi ni kama unasoma taarifa ya habari."

"Na wewe, mwanangu, ukisema ni kama mtu aliyekalia nusu ya maneno yake. Inuka kidogo, tuyasikie."

Mimi shule niliiacha darasa la sita, mwaka tuliowazika wazazi wetu. Wadogo zangu walisoma, mimi nikalima na kuuza ndizi. Kazi yangu sasa ni kuhudumia wazee majumbani, na siku zangu za mapumziko nilizitumia na Mama kwenye ofisi za kumbukumbu. Yeye alisoma mwandiko wa zamani. Mimi nilishika rula chini ya mstari ili macho yake yasipotee. Katika hesabu za watumwa hapakuwa na majina. Kulikuwa na jina la mwenye mali, na chini yake: mwanamke, mweusi, umri. Mwanamume, mweusi, umri.

"Anaweza kuwa huyu," Mama alisema akiweka kidole. Kisha akakisogeza. "Au huyu."

Siku moja tulimkuta kwa jina, ndani ya wosia wa yule mwenye mali. Ameandikwa baada ya kitanda na kabla ya ng'ombe. Mama alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Wamemwandika," alisema. "Twende tukale, binti yangu."

Baadaye tulimwona tena, vita vilivyokomesha utumwa vimekwisha, yu huru, ana mume na watoto. Kisha tukaona kifo chake. Lakini mahali alipozikwa hapakuandikwa popote. Hilo Mama alilijua kwa mkono wake. Alipokuwa mtoto, bibi yake alimpeleka kwenye makaburi ya ukoo, akaushika mkono wake na kuuweka juu ya jiwe jeupe lisilo na maandishi. Upande mmoja lilikuwepo jiwe kubwa la kijivu, la mume. Upande mwingine jiwe dogo, la mtoto wao aliyekufa mchanga. "Hapa katikati ndipo kichwa chake kilipo," bibi yake alimwambia.

Ukoo ulitawanyika, msitu ukafunga, nyumba mpya zikajengwa karibu mpaka ukingoni. Shemeji aliyapata makaburi yale majira ya majani kupukutika, nyuma ya uzio wa nyumba za watu. Alimpeleka mama yake, lakini miiba iliwazuia kuingia. Tukakubaliana kusubiri baridi ipite, twende sote, tufyeke taratibu huku Mama akituelekeza. Daktari alikuwa amesema moyo wake hauna nguvu tena. Yeye alituomba jambo moja: amwekee yule bibi jina lake akiwa bado anaweza kusimama kwa miguu yake.

Njia nzima mdogo wangu wa kiume alikuwa anatabasamu dirishani.

"Unacheka nini wewe?" dada yake alimuuliza.

"Nyie kaeni tu kama wageni rasmi. Mtaona."

Kazi yake ni kukata nyasi za watu. Ana mashine, ana misumeno, ana mgongo imara.

Tuliona. Miiba yote ilikuwa imeondoka. Mizabibu pori haikuwepo, wala majani ya kutambaa ambayo watu wa huku zamani waliyapanda juu ya makaburi. Ardhi ilikuwa imefagiliwa, udongo mtupu, una mistari ya reki. Na kuzunguka uwanja wote, pembe nne zimenyooka, kulikuwa na mawe yamepangwa bega kwa bega, yote yamepakwa rangi nyeupe inayong'aa.

"Sapraizi!" akasema. "Jana nimeshinda hapa. Dada, umeona? Kama kwa Baba na Mama."

Nilielewa kabla ya wengine, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Kila mwisho wa mwaka, kule nyumbani, tulikuwa tunapalilia kaburi la wazazi wetu mpaka udongo uonekane, tunakusanya mawe, tunayapanga pembeni na kuyapaka chokaa. Kaburi lenye majani ni kaburi la mtu asiye na watoto, ndivyo majirani walivyotazama. Yeye alikuwa mdogo kabisa wakati ule. Kazi yake ilikuwa kubeba kopo la chokaa, na alilia akinyang'anywa.

Mama alitembea kwa fimbo yake hadi katikati ya uwanja.

"Mwanangu, haya mawe yalikuwa wapi?"

"Yalitapakaa tu, Mama. Mengine yamezama. Nimeyang'oa yote, halijabaki hata moja."

Shemeji alisema neno kwa Kiingereza ambalo sitaliandika. Mke wake alimshika mkono.

"Lilikuwepo jiwe dogo," Mama alisema polepole. "Unakumbuka ulilitoa wapi?"

Mdogo wangu alitazama ule mstari mweupe, kisha akanitazama mimi. "Madogo yalikuwa mengi," akasema. "Dada, nimekosea rangi?"

Nilimweleza kwamba kila jiwe lilisimama kichwani pa mtu. Alichuchumaa, mwanamume mwenye ndevu, akafunika uso kwa mikono yenye madoa meupe.

Shemeji alitaka tuliweke jiwe palepale katikati. "Mama, wote hapa ni wetu. Tuliweke tu, upumzike."

"Hapana," alisema. "Siwezi kumpa mtu mwingine jina lake."

Kisha alimwendea mdogo wangu, akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akakiacha hapo. "Umewafanyia watu wangu kazi kutwa nzima," alimwambia. "Inuka. Baridi itakuingia."

Tulirudi na jiwe letu. Kila gari liliporuka shimo, jiwe liligonga kule nyuma.

Mama alifariki kabla ya majira ya joto kwisha. Hakurudi Woodbridge.

Mimi nimerudi. Siku zangu za mapumziko nakwenda na ndoo na brashi, nasugua rangi jiwe moja moja mpaka sura yake ya zamani itokee. Ardhini bado yapo mashimo ambamo mawe yalisimama, ingawa mvua inayafukia. Nalibeba jiwe, nalijaribu hapa, nalijaribu pale. Mengine yamekubali, yakakaa kama jino kwenye ufizi. La kijivu kubwa nadhani nimelipata, ila sina hakika. Mdogo wangu huja nami akipata nafasi. Hagusi kitu mpaka nimwambie, na hatanii tena.

Yale majani ya kutambaa yameanza kurudi, nasi tunayaacha.

Jiwe lenye jina liko kwenye gereji ya shemeji kule Gaithersburg, limefungwa blanketi lilelile. Hakuna anayeniuliza habari zake. Lakini mkubwa wa nyumba yetu ni mimi, na kopo la chokaa nilimpa mimi mtoto yule. Bado nadaiwa jiwe moja dogo, na lile jeupe lililosimama kando yake.