Bomba Lililochomelewa Kinyume

Maziwa yalimwagika pale barabara kuu inapoingia mjini Isiolo, na Lul akabaki ameketi kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, mkononi ameshika chuma kilichochomoka. Malori yalimpigia honi lakini yeye hakusogea, maana hakuweza. Polio ilimharibu miguu akiwa mtoto, na baiskeli ile huendeshwa kwa mikono, kwa kuzungusha pedo zilizo mbele ya kifua. Pedo hizo ndizo usukani pia. Zilipotoka, gurudumu la mbele lilijipeleka lenyewe hadi ukingoni, mtungi wa maziwa ya ngamia uliotoka Gotu asubuhi ile ukapinduka, na gololi za beringi zikabingirika kwenye lami.

"Kinyua," Lul alisema kwa meno yaliyoumana. "Leo atanijua."

Watu wa mtaa wa Wabera walimjua Lul kwa mambo mawili: maziwa yasiyochanganywa na maji, na mdomo usiochanganywa na sukari. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Maryan, na tangu apate baiskeli hiyo alikuwa akipeleka maziwa mwenyewe mlango kwa mlango bila kumsubiri mtu wa kumbeba. Aliipata katika ile miaka ya mwanzo ya serikali ya kaunti, wakati kila wiki kulikuwa na hema, viti vya plastiki na hotuba za kugawa misaada. Mfadhili fulani alilipia baiskeli kadhaa kama hiyo, akazitengeneza Kiarie, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma nje kidogo ya soko la mifugo. Lul alipigwa picha akitabasamu. Wiki chache baadaye pedo zikaanza kucheza.

Alisukumwa hadi kwa Kinyua, fundi wa baiskeli aliyekaa kando ya hoteli ya chai.

"Umenikazia nusu tena!" Lul alimpigia kelele kabla hajafika. "Unakaza nusu ili nirudi. Wewe ni mwizi, Kinyua!"

Waliokuwa wakinywa chai waliweka vikombe chini. Kinyua alisimama na spana mkononi, uso umemwiva.

"Mama Maryan, hiyo kitu nimekaza mpaka spana ikapinda."

"Mbona inatoka?"

"Sijui mbona inatoka! Na usiniletee tena. Tafuta fundi ambaye si mwizi."

Fundi mwingine hakuwepo karibu. Lul alirudishwa nyumbani akisukumwa na jirani, kitu alichochukia kuliko kuanguka, na kesho yake akasukumwa tena hadi kwa Ekeno, aliyeuza mkaa karibu na njia ya Ngare Mara. Ekeno naye alipewa baiskeli siku ileile Lul alipopewa yake. Lul alitaka kumuuliza fundi wake ni nani. Akakuta pedo za Ekeno zimezungushiwa vipande vya mpira wa tyubu, tabaka juu ya tabaka, kama mguu uliovunjika.

"Hata yako?"

"Zote," Ekeno alisema. "Mimi niliambiwa nazungusha kwa nguvu sana."

Hasira ya Lul haikupungua, ila ilikosa mahali pa kukaa. Kinyua hakuwahi kuigusa baiskeli ya Ekeno.

Aliporudi kwa fundi, Kinyua hakuinua kichwa.

"Nataka ufungue tena tuangalie," Lul alisema. "Haikuwa kosa lako."

"Sikusikia."

"Nimesema haikuwa kosa lako."

"Siku ile wa hoteli wote walisikia. Leo unanong'ona."

Lul alivuta pumzi, akageukia wanywa chai, na kwa sauti ileile ya kutukana akapaza: "Kinyua si mwizi! Nilikosea! Mmesikia au nirudie?" Mtu mmoja akacheka. Kinyua akachukua spana.

Safari hii hakukimbilia kukaza. Alipindua baiskeli ya kawaida ya mteja, akaiweka kando ya ile ya Lul. Ndani ya bomba fupi linaloshika ekseli ya pedo mna vikombe viwili vya chuma, kimoja kila upande, vinavyoingia kwa kuzungushwa kama kifuniko cha mtungi. Katika baiskeli ya mteja, kikombe cha upande wa mnyororo kilikazwa kwa kuzungushwa kushoto. Cha Lul, upande huohuo, kilikazwa kulia. Kinyua alijaribu tena na tena, kisha akakaa chini vumbini.

"Hii bomba imechomelewa nyuma mbele," alisema. "Ukiendesha, beringi zinavuta kikombe pole pole, kinyume cha ekseli. Bomba ikikaa sawa, huko kuvutwa kunakaza. Yako imegeuzwa, kwa hivyo kila ukizungusha unaifungua mwenyewe. Hata nikikaza na trekta, itatoka."

"Na hukuona siku zote hizo?"

"Niliona inakazwa kulia. Nikafikiri ndivyo za mikono zinatengenezwa." Aliona aibu. "Sikufikiria zaidi."

Lul angeweza kumtukana upya. Badala yake alisema, "Nisukume kwa Kiarie."

Kiarie aliwapokea langoni, akamsikiliza Kinyua hadi mwisho, akatabasamu.

"Mama, mlipewa kitu cha bure. Badala ya asante mnaleta kesi. Labda hamjui kuzungusha."

"Bure?" Lul alisema. "Wewe hukulipwa? Mimi nimeanguka barabarani mbele ya malori. Ekeno amefunga yake kwa mipira. Kila mmoja wetu ameambiwa ni mikono yake mibaya. Usiniambie bure."

"Nitaangalia wiki ijayo."

Kesho yake asubuhi Kiarie alikuwa na gari la kupakia madawati ya shule. Halikutoka. Lul, Ekeno na wengine wanne walikuwa wamepanga baiskeli zao katikati ya lango. Dereva alipiga honi. Kiarie alipiga kelele, akatishia kuita polisi, kisha akainama karibu na Lul na kusema chini kwa chini, "Yako nitakata leo, nigeuze bomba. Hawa wengine waende."

"Anza na ya Ekeno," Lul alijibu. "Yangu iwe ya mwisho. Na lango halifunguki kabla ya hiyo ya mwisho."

Cheche ziliruka mpaka alasiri. Kinyua alisimama juu ya kila bomba kuhakikisha limekaa upande wake, na baiskeli zote sita zikatoka pale bila kusukumwa na mtu.

Habari zikafika Gotu. Siku chache baadaye Natabo, aliyepewa baiskeli pamoja nao, alikuja amebebwa mgongoni na kaka yake. Hakuwa na bomba la kugeuzwa. Pedo zake zilipoanza kutoka aliambiwa kosa ni lake, akaamini, akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na tangu hapo akarudi kutambaa.

Lul alimpeleka kwa Kiarie. Kiarie alisema hawezi kurekebisha kitu kisichokuwepo. Lul alimjibu maneno ambayo Maryan mpaka leo hakubali kuyarudia.

Natabo bado hana baiskeli. Sasa Lul hupeleka maziwa kila asubuhi na hajaanguka tena. Kiarie akimwambia salaam aleikum barabarani, huitikia kwa sababu dini inamlazimu, halafu huzungusha pedo kwa nguvu na kumwachia vumbi.