Dola ya Kitovu

Benki za kwetu Ngara hazipokei dola ya sarafu. Noti, ndiyo; sarafu, hata iwe pana kuliko kisoda, unarudishiwa dirishani. Ndiyo maana mimi, mkusanyaji wa sarafu, nilizipata. Wafanyakazi wa misaada waliziacha enzi za kambi za wakimbizi za Lukole, zikazunguka mikononi mwa watu hadi kila mmoja akaenda dirishani akarudishiwa yake. Mtu aliyerudishiwa hupunguza bei haraka.

Nilikuwa nazo tatu, za miaka ya sabini: mbele mzee mwenye upara, nyuma tai anatua mwezini. Muuza duka aliyeniuzia ya kwanza aliapa kwamba huyo ni kuku anatua juu ya boga. Sikumsahihisha; kuku ni bei nafuu kuliko tai. Niliyoikosa ni ile yenye kengele badala ya tai.

Nikasikia bibi mmoja wa Mabawe anayo. Nikaenda, nikampa shikamoo, nikasifu migomba, nikasifu mbuzi, nikauliza habari za maharage, kisha nikaigusia sarafu kana kwamba nimeikumbuka muda huohuo. Akasema ipo, ila ipo kazini. Akamwita mkwe wake, akaja na mtoto mchanga. Akafungua kitambaa tumboni: kengele ilikuwa imelala juu ya kitovu, kisichomoze. Wajukuu wote wa nyumba ile wameifunga. Shilingi yetu, alinieleza, ni ndogo, kitovu kinaikwepa.

Nikaisogelea, nikaona pa kuanzia.

“Bibi, kengele yenyewe ina ufa.”

“Basi ngoja watengeneze nzima, ukainunue hiyo.”

Pesa hakutaka, noti haizuii kitovu. Nikatoa tai mmoja, mpana vilevile. Akampima kwa dole gumba, akamgeuza, akauliza kama kucha zile hazitamkwaruza mtoto. Nikamwambia upande wa mzee mwenye upara ndio uguse ngozi. Akaridhika. Kisha akasema bado wa yule aliyelala ndani.

“Yupi tena?”

“Ni mapacha, mwanangu. Walikuwa wanapokezana. Hukuuliza.”

Nilikuwa nimeuliza mpaka maharage. Nikatoa tai wa pili.

Nilirudi na kengele moja na tai mmoja. Nilihesabu njiani, nikahesabu tena nyumbani, hazikuongezeka. Kengele inanuka mafuta ya mtoto mpaka leo. Sijaiosha. Sarafu ikioshwa hushuka bei.